Giaboksi Inapopiga Kishindo: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Miongoni mwa maswali yanayoletwa katika safu hii na wasomaji wenye magari ya familia, swali la giaboksi ya otomatiki hurudi mara nyingi kuliko mengine. Juma hili msomaji mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, baba wa watoto wanne, anaeleza kwamba Toyota Corolla yake iliyoundwa mwaka 1998 imeanza tabia mbili mbaya. Asubuhi, akiingiza gia ya kwenda mbele, gari husita kitambo, kisha huruka kama lililosukumwa kwa nyuma. Na likiwa barabarani, kila linapotoka gia ya pili kwenda ya tatu, hupiga kishindo kinachowaamsha watoto waliosinzia katika kiti cha nyuma.

Fundi wa kwanza aliyeelezwa habari hizo hakufungua hata boneti. Alitamka kwamba giaboksi imekufa na kwamba hapana dawa ila kununua nyingine ya mtumba. Fedha alizotajiwa zinalingana na akiba ambayo yeye na mkewe wameiweka kwa ajili ya karo ya binti yao wa kwanza, anayejiandaa kuingia chuo cha ufundi. Ndugu huyo anauliza: je, amwamini fundi?

Jibu letu ni kwamba asikubali wala asikatae mpaka gari limepimwa. Kishindo ni dalili, na dalili moja yaweza kuletwa na magonjwa mengi. Mgonjwa mwenye homa hapasuliwi tumbo kabla ya kupimwa damu. Vivyo hivyo giaboksi haifai kushushwa kabla ya kupimwa oili yake, raba zinazoishikilia, kamba yake, na umeme wake. Baadhi ya hitilafu hizo hurekebishwa kwa saa moja na kwa fedha kidogo. Nyingine ni nzito kweli kweli. Kazi ya mwenye gari ni kuhakikisha kwamba zile nyepesi zimechunguzwa kwanza.

NDANI YA GIABOKSI KUNA NINI

Giaboksi ya otomatiki si kitu kipya. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi yake iitwayo Hydra-Matic mwaka 1939, ikafungwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Hiyo ndiyo iliyokuwa giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kuundwa kwa wingi. Tangu wakati huo idadi ya gia imeongezeka na kompyuta imeingia, lakini msingi wake wafahamika bado kwa mtu yeyote aliye tayari kuusikiliza.

Katika gari la gia za mkono, dereva huitenganisha injini na magurudumu kwa kukanyaga klachi. Katika gari la otomatiki, kati ya injini na giaboksi pana chombo cha mviringo kiitwacho konveta, nacho kimejaa oili. Injini huzungusha pangaboi moja ndani ya oili hiyo, na oili inayorushwa hulizungusha pangaboi la pili lililoungana na giaboksi. Ndiyo sababu gari la otomatiki laweza kusimama kwenye taa huku gia imeingizwa, na injini isizimike.

Nyuma ya konveta zimo seti za gia zilizoshikana wakati wote, pamoja na klachi kadhaa ndogo, kila moja ikiwa na sahani nyembamba zilizopangwa kwa kupokezana. Kubadili gia ni kuiachia klachi moja na kuibana nyingine karibu kwa wakati mmoja. Kinachozibana klachi hizo ni nguvu ya oili inayosukumwa na pampu na kugawanywa na vilango vidogo viitwavyo vali. Katika magari ya zamani vali hizo ziliongozwa na mwendo wa gari na kiasi cha mafuta alichokanyaga dereva. Katika magari yaliyofuata, huongozwa na solenoidi, yaani visumaku vya umeme vinavyofungua na kufunga njia za oili kwa amri ya kompyuta.

Kwa hiyo oili ya giaboksi, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, ina kazi nne: kupeleka nguvu ya injini, kubana klachi, kulainisha vyuma, na kuondoa joto. Nguvu yake ikizidi kiasi, au klachi mpya ikishika kabla ya ile ya zamani kuachia, abiria husikia kishindo. Nguvu hiyo ikipungua, klachi huteleza: injini hulia, mwendo hauongezeki, kisha gia hushika kwa ghafla. Mambo hayo mawili hufanana masikioni mwa abiria, lakini sababu zake ni tofauti, na fundi asiyeyatofautisha atatibu kisichoumwa.

KALAMU NA DAFTARI KABLA YA SPANA

Chombo cha kwanza cha kupimia ni kumbukumbu ya mwenye gari. Kwa siku mbili au tatu, mtu anayekaa kando ya dereva na aandike yanayotokea. Kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza, je, kishindo huja gari likiwa la baridi au likiwa limepata moto? Kasoro ya asubuhi peke yake, inayopotea baada ya kilometa chache, aghalabu huelekeza kwenye oili iliyopungua au kuchakaa, au kwenye sili za raba zilizokauka kwa umri, ambazo hulainika kidogo zikipata joto. Kasoro inayokuja baada ya kukaa katika foleni ndefu huelekeza kwenye oili iliyokuwa nyepesi kwa joto, pampu iliyochoka, au solenoidi inayoshindwa kazi ikiwa ya moto.

La pili, je, ni gia zote au ni badiliko moja tu? Kishindo cha gia zote hutokana na jambo linalozihusu zote, kama vile nguvu ya oili. Kishindo cha badiliko moja, mathalani la pili kwenda la tatu, huelekeza kwenye klachi moja, solenoidi moja, au kifaa kidogo chenye springi kinachopunguza ukali wa oili inapoingia katika klachi ile.

La tatu, je, dereva akikanyaga mafuta kwa upole hali hubadilika? La nne, je, kasoro ilianza ghafla au pole pole, na ilifuata jambo gani? Pengine betri ilibadilishwa juma lile. Pengine injini ilifunguliwa. Pengine gari lilipita katika maji ya mafuriko pale Jangwani. Fundi mwema atayauliza haya yote, na mwenye gari aliyeyaandika humwokolea muda na kujiokolea fedha.

OILI: KIASI, RANGI NA JINA

Sasa tufungue boneti. Katika magari mengi ya Toyota ya umri wa gari la ndugu yetu, kipo kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, mbali na kile cha injini. Liendeshe gari mpaka lipate moto sawasawa, liegeshe mahali tambarare, na uvute hendibreki. Injini ikiwa inanguruma na mguu ukiwa juu ya breki, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote, taratibu, kisha uurudishe kwenye P. Hapo chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena na usome. Kiasi chatakiwa kuwa kati ya alama mbili za upande wa moto. Magari mengi ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu baada ya kupata moto, na magari mengi ya miaka ya karibuni hayana kijiti kabisa. Hayo hupimwa chini ya gari, kwenye nati maalumu, oili ikiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji. Kazi hiyo ni ya fundi.

Oili iliyopungua hufanya pampu ivute hewa, na hewa hubonyea mahali ambapo oili haibonyei. Hivyo gia huchelewa kuingia, kisha huruka. Wengi hawajui kwamba oili iliyozidi nayo huleta madhara yaleyale, kwa sababu vyuma vinavyozunguka huichapa mpaka ikatoka povu. Na kama imepungua, haikuyeyuka kama maji ya chungu. Giaboksi haichomi oili kama injini iliyochoka, hivyo kupungua maana yake aghalabu ni kuvuja. Tafuta palipolowa kwenye gasketi ya sampu, kwenye sili za shafti, na kwenye mabomba yanayokwenda kwenye rejeta, kabla ya kuongeza.

Baada ya kiasi, tazama rangi. Dondosha tone juu ya karatasi nyeupe. Nyekundu inayopenyeza mwanga ni njema. Ya kahawia yaweza kuwa imezeeka tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inaonya kwamba sahani za klachi zimechomeka. Ile yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa sharubati nyekundu ina maji ndani yake. Katika magari mengi bomba la kupoza oili ya giaboksi hupita ndani ya rejeta, na likitoboka, maji na oili huchanganyika. Maji ya mafuriko nayo huweza kuingia kupitia tundu la kupumulia la giaboksi. Gari lenye oili ya namna hiyo lisiendeshwe hata hadi dukani, kwa maana maji huharibu gundi inayoshikilia sahani za klachi.

Tatu ni jina la oili. Si kila oili nyekundu ni sawa na nyingine. General Motors walileta kiwango cha Dexron mwaka 1967. Toyota nao wana T-IV, na baadaye WS ambayo ni nyepesi zaidi. Tofauti kubwa imo katika dawa zinazochanganywa ili klachi zishike kwa ulaini unaotakiwa. Jambo hili lina uzito kiasi kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wa Marekani walitia mafuta ya nyangumi katika oili ya giaboksi, na yalipokatazwa ili kuwahifadhi wanyama hao, iliwabidi watafute kemikali za kuchukua nafasi yake. Oili isiyo ya aina yake yaweza kuleta kishindo au mtetemo katika giaboksi isiyo na kasoro yoyote. Kwa kuwa magari mengi ya mtumba kutoka Japani huja na kitabu cha Kijapani ama bila kitabu, tazama kwanza maandishi yaliyochongwa kwenye kijiti cha kupimia. Mara nyingi jina la oili limeandikwa hapo. Na ikiwa gari lako ni la CVT, ambalo hutumia mkanda wa chuma badala ya gia za hatua, lina oili yake peke yake, na kulitilia oili ya otomatiki ya kawaida ni kuliua.

WANAOSINGIZIWA

Giaboksi husingiziwa makosa ya jirani zake. Jirani wa kwanza ni mauntingi, yaani raba zinazoishikilia injini na giaboksi katika bodi ya gari. Raba hizo hukauka na kupasuka kwa umri, na zikipasuka, injini hutupwa huku na huku kila gia inapoingia. Kuzipima ni rahisi: dereva akanyage breki kwa nguvu na kuvuta hendibreki, kisha ahamishe gia kutoka D hadi R na kurudi, bila kukanyaga mafuta, huku mwenzake akitazama injini kutoka pembeni. Mtazamaji asisimame mbele wala nyuma ya gari hata kidogo. Injini ikiinuka na kuanguka kwa kiasi kikubwa, mauntingi zimekwisha.

Jirani wa pili ni mwendo wa injini ikiwa imetulia, ambao mafundi huuita sailensa. Injini iliyopata moto aghalabu hutulia kati ya mizunguko 600 na 850 kwa dakika, kulingana na aina yake. Ikinguruma kwa 1,200, kila uingizapo gia lazima gari litaruka, maana konveta inasukuma kwa nguvu isiyotakiwa. Hapo tiba ni kusafisha njia ya hewa ya injini au kuziba panapovuta hewa isiyo yake.

Jirani wa tatu ni viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ni jointi za shafti. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma ni krosi za propela. Zikilegea hugonga kila nguvu inapobadilika upande. Jirani wa nne ni plagi na koili zilizochoka. Injini inayokosa moto katika silinda moja hutikisa gari namna ambayo wengi huidhania kuwa ni gia inayoteleza.

KAMBA, SENSA NA KOMPYUTA

Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990 yana kamba nyembamba inayotoka kwenye mlango wa hewa wa injini na kwenda kwenye giaboksi. Kamba hiyo huiarifu giaboksi ni kiasi gani dereva amekanyaga mafuta, ili nguvu ya oili iongezwe au ipunguzwe. Ikikazwa mno, gia hubadilika kwa kuchelewa na kwa ukali. Ikilegea, gia hubadilika mapema na klachi huteleza mpaka ziungue. Mara nyingi kamba hii huguswa wakati injini inapotengenezwa, na fundi akairudisha kwa kukisia. Kuirekebisha kunahitaji spana mbili na vipimo vya mtengenezaji. Hakuhitaji giaboksi mpya.

Katika magari ambayo kamba hiyo haipo, kazi yake hufanywa na sensa ya mlango wa hewa, pamoja na sensa ya kupimia hewa inayoingia katika injini. Sensa ikidanganya kwamba dereva amekanyaga kwa nguvu ilhali amegusa tu, kompyuta hutoa amri ya nguvu kubwa ya oili, na kishindo kinafuata. Waya uliotafunwa na panya au soketi iliyoingia kutu huleta matokeo hayohayo.

Yafaa pia kufahamu kwamba giaboksi nyingi zinazoongozwa na umeme zimeundwa kwa namna ya kujihami. Kompyuta ikipoteza mawasiliano na solenoidi au sensa muhimu, huacha nguvu ya oili ipande hadi kiwango cha juu, na aghalabu hulifungia gari katika gia moja. Kwa mwenye gari hali hiyo inatisha, lakini makusudi yake ni kuzuia klachi zisiteleze na kuungua mpaka gari lifike kwa fundi. Hivyo kishindo kikali kilichoanza ghafla, pamoja na taa ya injini ya manjano kuwaka, mara nyingi ni habari ya umeme kuliko ya vyuma.

Hapo ndipo mashine ya kusomea hitilafu inapohitajika. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa soketi na namba za hitilafu, uitwao OBD-II, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani hayakufungwa na sheria hizo, hivyo yale ya zamani huenda yakahitaji mashine inayoelewa lugha yake. Namba zenye kuhusu giaboksi huanzia P0700, ambayo yasema tu kwamba kuna tatizo katika uongozi wa giaboksi na kwamba namba nyingine zitafutwe. P0715 na P0720 zahusu sensa za mzunguko, P0740 yahusu klachi ya konveta, na P0750 yahusu solenoidi ya kwanza ya kubadilishia gia. Mwambie fundi akuandikie namba alizoziona kabla ya kuzifuta. Na ukumbuke kwamba namba hutaja njia yenye tatizo. Yaweza kuwa solenoidi yenyewe, au waya wake, au uchafu katika oili.

Jambo moja zaidi la umeme: magari mengi ya namna hii hujifunza mwenendo wa klachi zake na kuuhifadhi katika kompyuta. Betri ikichomolewa, katika baadhi yao mafunzo hayo hupotea, na gia hubadilika kwa ukali kwa siku kadhaa mpaka kompyuta ijifunze upya. Ikiwa kishindo kilianza siku ya kubadilisha betri, vuta subira na uendeshe kwa upole.

UGONJWA UKIWA WA NDANI

Ikiwa yote hayo yamepimwa na kishindo kipo, ndipo sampu ifunguliwe. Gari linyanyuliwe juu ya stendi imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Ndani ya sampu mna sumaku. Tope laini la kijivu juu yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, au unga mwingi mweusi wa sahani za klachi, ni hukumu nzito. Katika giaboksi nyingi, vali na solenoidi hufikika hapohapo bila giaboksi kushushwa, na fundi aweza kupima solenoidi moja moja kwa mita ya umeme. Pia ipo geji ya kupimia nguvu ya oili, ambayo hufungwa kwenye tundu maalumu na kutoa jibu la hakika kuhusu pampu na vali.

Wengi huuliza kama oili ibadilishwe katika gari kuukuu ambalo halikubadilishiwa kwa miaka mingi. Oili mpya hairudishi sahani zilizokwisha. Ikiwa klachi zinateleza na oili inanuka kuungua, usitarajie muujiza. Lakini ikiwa gia zinashika sawasawa na oili imezeeka tu, kuimwaga na kuijaza ni matunzo mema. Kwa kuwa sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya konveta na mabomba, mmwago mmoja hautoi yote; rudia mara mbili au tatu, ukiendesha gari siku kadhaa katikati. Mashine za kusukuma oili kwa nguvu zaweza kutimua uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali, hivyo katika giaboksi ya miaka mingi njia ya taratibu ina usalama zaidi. Joto ndilo adui mkuu wa oili hii: wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi juu ya kawaida, maisha ya oili hupungua karibu kwa nusu. Gari linalosota kila siku katika foleni ya Barabara ya Morogoro lahitaji oili mapema kuliko lile la safari ndefu.

Na ikithibitika kwamba giaboksi haifai, kununua ya mtumba si kosa, mradi mnunuzi awe macho. Namba ya aina iliyo kwenye kibati ilingane na ya gari, maana Corolla za rika moja zilitoka na giaboksi za aina zaidi ya moja. Tazama oili yake na unuse. Dai dhamana ya maandishi yenye tarehe. Na kabla ya kuifunga, mabomba na kipozeo cha oili visafishwe, ama sivyo unga wa ile iliyokufa utaingia katika hiyo uliyoinunua.

JIBU KWA NDUGU YETU

Ndugu yetu wa Tabata ana dalili mbili, na huenda zina sababu mbili. Kusita kwa asubuhi huelekeza kwenye kiasi cha oili, au oili inayoshuka kutoka katika konveta usiku kucha, au sili zilizokauka. Kishindo cha pili kwenda tatu huelekeza kwenye njia ya gia hiyo. Kwa hiyo, leo jioni apime kiasi na rangi ya oili, na atafute panapovuja. Kesho apeleke gari kwa fundi wa otomatiki, akiwa na daftari lake, na alipie kupimwa peke yake: mauntingi, sailensa, kamba, namba za hitilafu ikiwa giaboksi yake ni ya umeme, na mwisho solenoidi. Apewe majibu kwa maandishi. Fundi anayekataa kupima na kutaka kuuza, aachwe.

Ikionekana kwamba klachi ya gia ya tatu imekwisha, hapo ndipo yeye na mama watoto wakae na kulinganisha gharama ya matengenezo, thamani ya gari lenyewe, na karo ya binti. Chuo kina tarehe yake ya kufungua, lakini gari laweza kusubiri chini ya mwembe na familia ikapanda daladala kwa miezi michache. Kwa sasa, hata hivyo, asiliendeshe gari hilo kwa kuharakisha, na kila anapotaka kuingia barabara kuu ahakikishe kwanza kwamba gia imeshika. Gari linalosita sekunde mbili mbele ya lori halina nafasi ya kujirekebisha, na watoto wanne wamo ndani yake.

Juma lijalo, panapo majaliwa, safu hii itazungumzia rejeta: namna ya kuitunza, na kwa nini maji ya bomba peke yake huila kutoka ndani.